Aliyeweka Ndiye Atakayetoa

Mama yangu alikuwa na chumba ambacho ufunguo wake aliuvaa shingoni, na bado hakujipa haki ya kutoa ndani yake hata kijiko. Kilikuwa uani kwetu, Alunguli, ng'ambo ya mto ukitokea katikati ya mji wa Kindu. Kabla ya vita baba alikuwa akiweka humo mpunga alionunua Kibombo. Vita vilipoanza barabara ikafungwa, baba akakwama huko huko, na chumba kikabaki na harufu ya magunia tu.

Majirani ndio waliokijaza. Kila tuliposikia kwamba wenye bunduki wanakaribia, watu walikimbilia msituni, na msituni huendi na cherehani kichwani. Mama hakukimbia. Bibi, mama yake baba, alikuwa amelala kitandani hawezi kuinuka, na mama alisema hamwachi mtu mzima peke yake kama kuku mgonjwa. Kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa na mtu siku zote, na watu wakaanza kuleta vitu vyao: vyungu, mikeka, baiskeli zisizo na matairi, milango waliyoing'oa ili isipasuliwe kuni.

Utaratibu wa mama ulikuwa mmoja, na hakuueleza mara mbili. Ukileta kitu, unachana kipande cha kitenge chako, unakigawa vipande viwili. Kimoja unakifunga kwenye kitu chako, kingine unaenda nacho. Kila jirani aliruhusiwa kuingia, kutazama, kuweka. Kutoa ndiko kulikokuwa na sharti. Aliyeweka ndiye atakayetoa, kwa mkono wake, na nusu yake ya kitenge mkononi.

Nakumbuka mwanamume mmoja aliyekuja kudai cherehani ya mke wa mdogo wake. Mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, na hakuacha kutwanga.

"Mama, unanijua. Mimi njo mukubwa wa bwana yake," alisema yule mtu.

"Nakujua, baba. Na bibi yako namujua, na batoto yako nabajua. Kipande ya kitenge iko wapi?"

"Kipande gani? Sisi tuko ndugu."

"Aliyeiweka njo ataitosha," alisema mama, yaani ndiye atakayeitoa.

Yule mtu alimtukana mama maneno ambayo sikuwa nimewahi kuyasikia kwa mtu mzima aliyetoka msikitini. Mama akaongeza chumvi kwenye sombe. Mimi nilikuwa mtoto, nikatamani ampe tu hiyo cherehani tukae kwa amani. Mwanamke mwenye cherehani alikuja miezi kadhaa baadaye, amekonda hadi sikumtambua, na nusu ya kitenge ilikuwa imefungwa ndani ya kilemba chake. Aliichukua cherehani yake, akaiweka kichwani, akaondoka nayo.

Wenye bunduki nao walikuja, na hao hawakuuliza ruhusa. Walichukua walichotaka. Sijawahi kusema kwamba utaratibu wa mama ulizuia risasi. Lakini ulituzuia sisi wenyewe kwa wenyewe, na wakati ule hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu njaa ilikuwa imewafanya hata watu wema waanze kutazama vitu vya wenzao kwa jicho la bei.

Vita vilipotulia baba akarudi, na vitu vikaanza kutoka chumbani kimoja kimoja. Kilibaki kimoja. Sufuria kubwa ya sherehe, ile ambayo inaingia mbuzi mzima, ya mama mmoja aliyekuwa mpishi wa harusi mtaani kwetu. Aliondoka kuelekea msituni na wanawe, na hakurudi. Hatukusikia habari ya kifo wala ya uzima. Siku ya harusi yangu tulikosa sufuria, tukazunguka mitaa mitatu kuomba, na ile yake imekaa palepale nyuma ya mlango. Nilimkasirikia mama hadi nikalia na hina mikononi. Nikamwambia huyu mama amekufa, kila mtu anajua amekufa. Mama akaniuliza ni nani aliyemwona. Pilau ya harusi yangu ikapikwa kwenye sufuria nne ndogo, moja ikaungua.

Nimeeleza hayo ili mtu aelewe kwa nini nilikuwa mkaidi miaka mingi baadaye, mbele ya kompyuta.

Siku hizi kazi yangu ni kutunza mitambo ya redio moja ndogo mjini. Kila asubuhi navuka mto, napanda pikipiki hadi kazini, nafuta vumbi, naangalia betri za sola, kisha nawasha kompyuta ambayo ndiyo ghala letu la sauti. Inatumia mfumo wa Linux. Hatukuichagua kwa kujionyesha. Waandishi wetu wanachomeka humo kila kidude cha kumbukumbu kinachotoka sokoni, na kompyuta yetu ya kwanza, iliyokuwa na mfumo ule wa kawaida, iliuawa na virusi mara tatu kabla hatujachoka.

Sauti zote ziko ndani ya saraka moja, au dosye kama tunavyosema hapa. Fundi aliyenitangulia ndiye aliyeipangia ruhusa, na aliipangia kama mtu mwenye haraka ya kwenda nyumbani. Kwenye Linux kila saraka inatambua watu wa aina tatu: mwenyewe, kundi lake, na wengine wote. Kila aina unaweza kuipa ruhusa tatu, yaani kusoma orodha ya vilivyomo, kuandika, na kupita ndani. Ruhusa zote za aina moja huandikwa kwa tarakimu saba; ukimpa kila mtu kila ruhusa, unapata saba tatu zilizosimama pamoja, na hivyo ndivyo alivyofanya.

Mkurugenzi wetu alizipenda sana zile saba. Mjini kwetu mlango ukifungwa mchana, watu wanajua ndani kuna mgonjwa, au kuna watu wanakula peke yao, na hakuna anayetaka kudhaniwa hilo la pili. Mgeni akija redioni na kidude chake, akashindwa kufungua faili, mkurugenzi aliona ni aibu ya nyumba nzima. Alikuwa akiwaambia wageni kwa fahari kwamba kwetu hakuna mlango. Nilimsikia mara nyingi, nikanyamaza, kwa sababu hadi hapo hakuna kilichokuwa kimeharibika.

Kisha mwenzetu mmoja akafa. Alikuwa mwandishi wa habari za vijijini, mtu wa makamo, mwenye pikipiki iliyofungwa kwa waya na moyo usiochoka njia. Aliugua homa, na kabla hatujajua kwamba anaumwa sana tukaitwa mazikoni. Aliacha mke na mabinti wawili. Aliacha pia, ndani ya ile saraka, sauti mbichi za safari zake zote, yaani rekodi nzima kabla ya kukatwa na kuwa kipindi.

Mimi nilijua kilichokuwa ndani ya zile rekodi, kwa sababu ndimi niliyekuwa nikizihamisha kutoka kwenye kinasa chake na kuziweka kwa akaunti yake. Alikuwa na tabia. Kila alipofungua kipaza sauti ili kukijaribu, badala ya kuhesabu kama wengine, alihesabu moja, mbili, kisha akamsalimia mkewe. "Moja, mbili. Mama, niko muzima. Niko Kibombo. Ntarudia kwetu." Alizoea hivyo tangu vita, aliniambia, wakati ambapo neno la kwanza la mtu aliyefika popote lilikuwa kwamba yu mzima. Maneno hayo hayakuwahi kwenda hewani. Yalikatwa kila mara, na yalibaki mahali pamoja tu duniani, kwenye zile sauti mbichi.

Baada ya mazishi mjane alikaa eda, hatoki nje. Mdogo wake alikuja redioni akasimama mlangoni kwangu.

"Mama, yaya anakutuma salamu," alisema, yaani dada yake mkubwa. "Anasema bwana yake alimuambia, kila akifungula mikro anamusalimia yeye kwanza. Anataka kusikia. Anasema muntu asiguse ile sauti mupaka atoke eda, atakuya yeye mwenyewe."

"Umwambie nimesikia," nikamjibu. "Azikute zote."

Nilisema zote. Niliahidi kwa kinywa changu, na mimi ahadi ikishanitoka inaninyima usingizi.

Nilikuwa na uhakika, kwa sababu yule fundi wa zamani alikuwa amefanya jambo moja la maana: aliipanga kompyuta ifunge kila faili ya sauti mbichi isiandikwe, isomwe tu. Niliona alama ya kufungwa kwenye kila moja, nikatulia. Wiki hiyo hiyo diski ikajaa. Mtangazaji wetu wa muziki, kijana mzuri mwenye sauti ya asali na kichwa cha haraka, alitaka kuingiza nyimbo za harusi. Kompyuta ikamwambia hakuna nafasi. Akatafuta faili kubwa, akaikuta rekodi ya marehemu ya Lokandu, ile aliyofanya na wachuuzi wa samaki, akaifuta. Kompyuta ilimuuliza kama ana hakika, akasema ndiyo. Ikafutika.

Nilipogundua, nilikaa kitini nikakagua tena ile alama kwenye faili zilizobaki. Faili ilikuwa imefungwa. Ilifutikaje?

Jibu nilikuwa nalijua kwa kichwa, nilikuwa sijalijua kwa uchungu. Kufuta faili si kuandika ndani ya faili. Ni kuandika ndani ya saraka, kuliondoa jina kwenye orodha ya waliomo. Unaweza kuwa na sanduku lenye kufuli la chuma, lakini kama kila mtu anaruhusiwa kutoa vitu chumbani, atalibeba pamoja na kufuli lake. Fundi wetu alikuwa amefunga masanduku yote na kuacha chumba wazi.

Nikafikiria kuondoa ruhusa ya kuandika kwa wote. Lakini hapo waandishi wasingeweza kuweka kazi zao, na redio ingenyamaza jioni ile ile. Nilihitaji chumba ambacho kila mtu anaingia, kila mtu anaweka, na kutoa ni kwa aliyeweka. Nilipoisema hivyo kwa sauti, peke yangu pale mezani, nilicheka. Niliona shingo ya mama na ule ufunguo.

Na kitu hicho kipo. Kipo kwenye kila Linux, nilikuwa nakipita kila siku bila kukiamkia. Saraka ile ya vitu vya muda, ambamo programu zote zinatupa takataka zao, ruhusa zake zinaishia kwa herufi t. Herufi hiyo inasema kwamba ndani ya saraka hii, hata kama kila mtu ana ruhusa ya kuandika, faili inaondolewa na mwenye faili, au mwenye saraka, au msimamizi mkuu wa kompyuta, basi. Mwingine hapana. Nikaihamisha saraka ya sauti iwe mali ya msimamizi, ambaye ni mimi mwenye nywila. Nikaandika chmod, amri ya kubadili ruhusa, nikaweka ile t, nikabonyeza. Nikaita orodha itokee, nikaiona t imekaa mwishoni mwa mstari. Kazi ya dakika chache. Kelele zake zilichukua muda mrefu zaidi.

Siku ya pili yake mtangazaji wa muziki alikuja mbio kuilalamikia kompyuta.

"Mama, ordi inanikatalia. Nataka kutosha vitu ya marehemu, inasema sina ruhusa."

"Huna," nikamwambia.

"Weye njo umetufungia mulango?"

"Mlango uko wazi. Ingia, weka, sikiliza. Kutoa, toa vya kwako."

Akaenda kwa mkurugenzi, na mkurugenzi akaja. Ni mtu mpole, na nampenda, lakini siku hiyo alisimama mbele ya meza yangu kama mtu aliyekuta jirani ameweka miba uani kwake.

"Mama, kwetu hapa mulango haifungwe muchana. Wageni watasema nini? Na ile sauti mbichi, vipindi yake iko tayari, ilikwenda hewani. Imebakia ni maganda."

"Shefu, maganda yana mwenyewe. Yuko ndani ya eda."

"Tumupe kopi kwa kidude, tufute. Amutume mudogo wake achukue."

"Alisema atakuja mwenyewe."

"Na diski imejaa. Redio itasimama kwa sababu ya muntu mumoja?"

Hapo hasira ikanipanda, na nilimwambia ukweli wake wote. Nilimwambia kwamba ufunguo ninao, naweza kuiondoa ile t kabla hajameza mate, na siiondoi. Nikamwambia akitaka fundi mwingine amtafute, Kindu haijaisha mafundi. Nikamwambia pia anipe mpaka mchana nimwonyeshe diski imejaa nini.

Nikaitafuta. Diski ilikuwa imejaa nyimbo. Wimbo mmoja wa harusi niliukuta mara saba, kwa majina saba, na zote mwenyewe alikuwa yule yule mtangazaji wa sauti ya asali. Kila alipousahau alikouweka, aliuweka tena. Waandishi wengine nao hawakuwa watakatifu. Nikawaita wote mezani, nikawaonyesha kila mtu vyake, nikawaambia wafute, kwa kuwa vyao wanaweza. Mtangazaji akafuta sita huku wenzake wanamuuliza kama bibi harusi ni mmoja au saba. Akacheka naye, ana moyo safi. Jioni nafasi ilikuwa tele.

Mkurugenzi alishika kidevu, akatazama. "Basi. Mupaka atoke eda. Akisha kuchukua, unanifutia," alisema. Kisha, ili asionekane ameshindwa kila mahali, aliniagiza niondoe akaunti ya marehemu, kwa kuwa mfu hafanyi kazi kwetu. Hilo nililifanya. Ukiondoa akaunti ya mtu bila kugusa faili zake, zinabaki zilipo, ila kompyuta haijui tena jina la mwenyewe. Mahali pa jina inaandika namba. Nilipoona zile namba zimepangana, mstari baada ya mstari, nililia kidogo, nikaenda kunawa uso.

Eda ilipoisha, mjane alikuja asubuhi moja, na mdogo wake pembeni. Nilimpa kiti changu. Kabla ya lolote nilimwambia kwamba ya Lokandu imepotea, na imepotea vipi. Hakunifokea. Alisema tu, "Basi." Sijui kama kuna neno lililowahi kuniuma kama hilo.

Nikamvika vipokea sauti masikioni. Nilikuwa nimemwandalia kila rekodi ianze mwanzo kabisa. Sikusikia kitu, niliona uso wake tu. Alisikiliza sekunde zile za kwanza, akainua kidole, nikaweka nyingine. Kibombo. Njia ya msituni. Sehemu ambazo hata mimi sizijui. Kwenye moja akacheka kwa sauti, akavua vipokea sauti akampa mdogo wake, na mdogo wake akanipa mimi. Ilikuwa rekodi ya kujaribu kinasa kipya, aliifanya nyumbani kwake. "Moja, mbili. Mama, leo siko mbali. Unanisikia hapo jikoni?" Na nyuma yake, mbali kidogo, sauti ya mwanamke inajibu kwamba anamsikia, aache mchezo, aje ale.

Nilimpa kidude chenye nakala zote. Alikifunga kwenye ncha ya kitenge chake. Kisha akaonyesha kioo cha kompyuta.

"Na hii inabakia? Mwenyewe njo nani sasa?"

Nikamwonyesha ile namba. Nikamweleza kwamba naweza kuandika jina lake yeye pale, ziwe mali yake, na tangu hapo yeye ndiye angekuwa na ruhusa ya kuzitoa, mtu mwingine hapana.

"Mimi nitatosha nini?" alisema. "Aliweka yeye. Acha iko yake."

Walipoondoka mkurugenzi alichungulia mlangoni. Aliuliza kama mjane amekwisha kuchukua, ili nimfutie kama tulivyopatana. Nikamwambia amechukua nakala, na faili zinabaki.

"Mupaka lini?"

"Mwenyewe hajaja, shefu."

Alinitazama. Mimi nilimtazama pia, na nadhani nilikuwa na uso wa mama yangu, ule wa kuongeza chumvi kwenye sombe. Akageuka, akarudi ofisini kwake, na hajaniuliza tena.

Mama alifariki miaka kadhaa iliyopita, na ufunguo wa chumba sasa nauvaa mimi. Mwezi ujao binti yangu anaolewa. Juzi aliingia chumbani, akaiona ile sufuria kubwa nyuma ya mlango, akatoka akaniuliza, kwa hasira ileile yangu, kwa nini tunahangaika kuazima sufuria. Nikamwambia aende mtaa wa pili, kuna nne ndogo.